Mzee Mhola

Pale Kanyenye mume wangu wanamwita Mzee Mhola. Jina lake hasa ni Yaqoub, jina la babu wa babu yake aliyefika huku na misafara ya pembe, na wageni wakija Tabora hupenda kumuuliza habari za misafara hiyo kana kwamba aliiongoza yeye. Yeye anauza spoku. Spoku, cheni na tairi za baiskeli, majembe, kamba, na makarai yaliyoning'inizwa mlangoni hadi wateja warefu wanayagonga kwa vichwa. Wengi wa wateja hao ni Wasukuma, wakulima na wafugaji wanaoshuka mjini kutoka Choma na vijiji vingine vya Igunga, watu ambao hawawezi kununua hata msumari kabla salamu hazijakamilika. Watauliza ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua. Kwa kila swali Yaqoub hujibu neno alilojifunza dukani kwa baba yake tangu mdogo: mhola. Ndiyo salama yao, ndiyo nzuri yao. Akitaka kutia mkazo husema mhola duhu, yaani salama tu, hakuna neno. Wakampa jina hilo.

Akigeuka kwa mteja Mswahili, ni nzuri. Akikutana na wenzake msikitini, ni alhamdulillahi. Lugha tatu, jibu moja. Nimeishi na jibu hilo tangu aliponioa kutoka kwetu Nzega, tukazaa Fauzi, ambaye sasa yuko Dar es Salaam, na Shaima, ambaye bado yuko nami nyumbani, mtaa wa Gongoni hapa Tabora. Nasema bila kuficha, limenichosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulimwanza ujanani, kabla hatujajuana. Maumivu hukaa juu ya kitovu, yakapenya mpaka mgongoni, naye hujikunja kama mtu aliyeangusha sindano sakafuni anaitafuta. Kwa muda mrefu yaliitwa vidonda vya tumbo, maana huku kwetu chochote kiumacho juu ya kitovu ni vidonda vya tumbo, na dawa yake maziwa. Baadaye akapigwa picha, tukaambiwa ni kongosho. Mimi ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo. Kumbe ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, kinatoa maji ya kusagia chakula na kinaongoza sukari mwilini. La Yaqoub lilikuwa limekakamaa na kujaa vijiwe. Sukari ikaanza kumpanda, akapigwa marufuku mafuta, nami nikawa napika vyungu viwili kila siku, kimoja cha watu na kimoja cha Baba Fauzi. Mwarabu wa Tabora asiyekula samli ni msiba. Mama yake, ambaye sote twamwita Bibi, alilia siku alipoelezwa.

Lakini kuna siku iliyoharibu mambo zaidi ya samli. Daktari mmoja kijana, hospitali ipi siitaji, aliitazama ile picha akamuuliza mume wangu anakunywa chupa ngapi kwa siku. Yaqoub akamwambia hanywi. Yule kijana akatabasamu, akasema wote husema hivyo, na kwamba kongosho ni ugonjwa wa walevi. Anamwambia nani hayo? Mtu ambaye wateja wakija na harufu ya pombe huwasha udi dukani. Yaqoub alisimama, akavaa kofia yake, akatoka bila kuaga, yeye ambaye huaga hata paka. Daktari mwingine alikuja kutueleza kwamba wapo watu chungu nzima wenye kongosho bovu ambao hawajaonja kilevi maishani. Haikusaidia. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kuingia, na tangu hapo tumbo la mume wangu likawa siri yake peke yake.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, nikaanza kuona anapauka. Viganja vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akifua. Akipanda ngazi mbili za baraza anakaa kwanza, anajifanya anafunga kamba za viatu, naye amevaa makubazi. Nikamuuliza kulikoni, akasema nzuri tu, joto. Mimi nimezoea ubishi wake, nikamvuta hadi zahanati kwa Tobias.

Tobias ni tabibu mwenye adabu zake, Mmoraviani, mtoto wa mchungaji, hawezi kumkabili mtu mzima kwa maneno makavu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamuuliza habari ya usingizi. Nzuri. Habari ya tumbo? Nzuri. Tobias akainamisha macho kidogo kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa hapo, akauliza na habari ya choo.

"Nzuri, alhamdulillahi," akasema mume wangu.

Basi. Tobias akampima, akaona damu imepungua, akaandika dawa za kuongeza damu, akatuambia turudi. Nani wa kumlaumu? Katika lugha yetu ukishamuuliza mtu habari umekwisha kumpa na jibu mkononi. Mgonjwa anayekata roho utaambiwa hajambo kidogo. Mtu aliyeunguliwa na nyumba jana ataitika nzuri kwanza, ndipo aseme lakini. Yaqoub alikuwa haongezi lile lakini. Nyumbani nikamuuliza mwenyewe, waziwazi, choo chake kikoje, akakasirika, akaniuliza haya yangu nimeiweka wapi. Nimemfulia, nimempikia, nimemchoma sindano za sukari, lakini chooni simfuati mtu. Nikaacha.

Yaliyofuata nilihadithiwa na Masolwa. Huyu ni mfugaji wa Choma, mteja wetu wa zamani, na siku hiyo alikuja kununua kamba za kufungia maksai. Kwa kawaida yao wakaanza. Kwako? Mhola. Watoto? Mhola. Ng'ombe? Mhola, ingawa Yaqoub hana hata mbuzi. Masolwa akamtazama, akaona uso hauko sawa, akauliza na mwili je.

"Mhola duhu," akajibu mume wangu, akageuka kuchukua kamba, akatapika damu juu ya makarai.

Masolwa amechinja ng'ombe wengi. Aliniambia hajaona damu nyingi namna ile ikimtoka kiumbe aliyesimama. Alimbeba, akamwingiza kwenye bajaji, akamkumbatia njia nzima, na nilipofika hospitali nikamkuta kwenye benchi, shuka lake limelowa, anatetemeka kuliko mgonjwa. Alikuwa kama mtu aliyekamatwa na kosa.

"Mama, aliniambia mhola," akasema. "Nilimuuliza mwili, akaniambia mhola."

Nilitaka kumwambia ajiunge na sisi tulioambiwa nzuri. Nikamshukuru, na jioni hiyo akawa mmoja wa waliotoa damu yao kwa ajili ya Yaqoub.

Waliingiza mpira wenye kamera kooni kwake hadi tumboni. Wakaona juu ya tumbo la chakula mishipa ya damu imevimba, imejikunja, mmoja umepasuka. Wakasema hilo si la kwao, aende hospitali ya rufaa Mwanza. Tukapandishwa gari la wagonjwa, tukapita Nzega bila mimi hata kuangalia upande wa kwetu. Muuguzi aliyekaa naye kila mara alimuuliza, mzee unajisikiaje, naye, chupa ya damu ya Masolwa au ya mwingine ikidondoka juu ya kichwa chake, akajibu nzuri. Wazee wanasimulia kwamba wapagazi wa misafara waliimba kutwa wakilalamikia mizigo, njaa, miba na tajiri wao, na tajiri akasikia. Nikawaza, katika yote aliyoyaacha huyo babu, laiti mjukuu angerithi walau wimbo mmoja wa kulalamika.

Mwanza tulipokewa na daktari wa upasuaji, mwanamke wa Kihaya aitwaye Advera, mtulivu, miwani imeteremka puani. Alikuwa na picha mpya mezani. Alitueleza taratibu. Damu inayotoka kwenye bandama, alisema, hurudi kwa mshipa mmoja unaopita nyuma ya kongosho. Kongosho la Yaqoub limevimba na kusinyaa miaka mingi mpaka mshipa ule umeziba. Damu haiwezi kukaa, ikatafuta njia ya kando kupitia mishipa midogo ya tumbo la chakula, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Nikaelewa mara moja. Walipofunga barabara kubwa ya Kanyenye watengeneze lami, malori yote yalipita kwenye uchochoro wetu Gongoni, mpaka karo la jirani likabomoka na uchafu ukatembea barazani kwangu. Nikamwambia daktari hivyo. Akasema ndivyo hasa, na kwamba dawa yake si kuziba karo kila likibomoka, ni kuyazuia malori kule yanakotoka. Yaani kuliondoa bandama.

Lakini kulikuwa na jambo alilotaka kujua kwanza. Kupasua tumbo lenye kongosho kama lile ni hatari, viungo vimegandana, mtu anaweza kuvuja damu mezani akamalizikia hapo. Kama hii ilikuwa mara ya kwanza kabisa kutoka damu, alisema, wangeweza kumtibu kwa mpira, wamrudishe nyumbani apate nguvu, wamwangalie. Kama alikuwa amevuja muda mrefu, basi mishipa ile haitamvumilia tena, na kumrudisha Tabora ni kumrudisha kaburini. Vipimo peke yake havikuweza kumwambia ilianza lini. Damu ikimwagika tumboni huteremka, hutoka na choo, na choo huwa cheusi. Mwenye kujua alikuwa mmoja.

Akamgeukia. "Mzee, kabla ya siku ile ya dukani, habari ya choo ilikuwaje?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

Sijui nguvu nilizitoa wapi, maana nilikuwa sijalala kitandani tangu Tabora. Nilisimama mbele ya daktari, mbele ya wauguzi wake, nikamwinamia mume wangu.

"Baba Fauzi, huyu hakusalimii," nikamwambia. "Anakuuliza."

Daktari Advera akavua miwani. "Tuachane na habari, mzee," akasema polepole. "Niambie neno moja tu. Kilikuwa cheusi au hakikuwa cheusi?"

Yaqoub akatazama dari. Akatazama mikono yake. Mimi hakunitazama.

"Cheusi," akasema. "Kama lami."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye kibaraza kinachoelekea ziwani, nikalia kwa hasira, sifichi. Ramadhani! Nilimwandalia futari mwezi mzima, nikamshonea kanzu ya Idi, tukaenda Idi ya Kuchinja kwa Bibi, akakaa nasi akila wali mkavu na kucheka, na muda wote huo alikuwa anakwisha kidogo kidogo upande wa pili wa mlango wa choo. Niliporudi ndani alikuwa peke yake. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba aliogopa. Kwamba angesema damu wangemuuliza tena chupa ngapi, safari hii mbele yangu, na Gongoni nzima ingepata la kusema. Nilimwonea huruma. Pia nilitamani kumzaba kofi. Yote mawili yalikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mguu kupitia shuka.

Wakamwongeza damu, wakamdunga sindano za kinga ambazo mtu asiye na bandama huzihitaji, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Nilisubiri kwenye benchi na wenzangu tusiojuana. Nasikia watu husali kwenye benchi hizo. Mimi nilisali mwanzoni, kisha maneno yakaniishia, nikawa nahesabu vigae na kusahau nilipofikia. Shaima alipiga simu kutoka Tabora kuuliza habari ya baba. Mdomo wangu ukasema nzuri kabla mimi mwenyewe sijasema chochote.

Daktari Advera alipotoka, alama za barakoa zilikuwa bado usoni mwake. Akanieleza kwamba bandama limetoka. Lilikuwa kubwa mara kadhaa ya la kawaida, na kongosho lilikuwa limelishika kama ukoko ulioshika sufuria, wakalazimika kubandua taratibu, kidogo kidogo, na damu nyingi imepotea lakini imerudishwa. Mishipa ya tumbo ingenywea yenyewe. Kongosho lenyewe wameliacha, bado ni bovu, maumivu yanaweza kurudi na sukari haitaondoka. Hakunidanganya, namheshimu kwa hilo. Nilingoja furaha inijie. Nilichosikia ni miguu kuniuma, nikaomba maji ya kunywa.

Siku ya kuruhusiwa alitukalisha wote wawili. Bandama, alisema, ni mlinzi wa damu, hupambana na vijidudu na malaria. Huyu mlinzi hayupo tena. Kwa mtu mwingine homa ni homa, utameza dawa ukalale. Kwa Yaqoub homa inaweza kumuua kabla ya siku kuisha. Kwa hiyo chandarua kila usiku, na akisikia homa au kutetemeka, hata kidogo, hospitali hapo hapo bila kungoja.

Akaniambia mimi nisimuulize habari, nimpime. Kisha akamwambia yeye kwamba neno nzuri amelitoa mwilini mwake pamoja na bandama. Yaqoub akacheka, akashika tumbo kwa maumivu ya mshono, akasema sawa, daktari. Mimi sikucheka, kwa kuwa yule aliyeahidi namjua.

Na kweli. Tuliporudi Gongoni watu walimiminika kumjulia hali. Hata majirani ambao Yaqoub aliogopa wangenong'ona habari za chupa walikuja na matunda. Habari ya mgonjwa? Nzuri. Unaendeleaje? Nzuri, tunamshukuru Mungu. Kila nzuri ilinichoma. Masolwa naye akaja kutoka Choma, jogoo kwapani, akakaa mkekani kimya kabisa. Msukuma asiyesalimia, nilikuwa sijapata kumwona. Nikafahamu kwamba anaogopa kuuliza. Mwishowe Yaqoub mwenyewe akamwambia mhola, Masolwa, na yule mfugaji akashusha pumzi, lakini akanitazama mimi kwanza kama anayetaka uthibitisho. Nikaitikia kwa kichwa kwamba leo ni kweli.

Tukaishi hivyo. Kila asubuhi nilimuuliza umeamkaje, akajibu salama, nikamwekea kipimajoto kwapani kana kwamba hakujibu. Aliudhika. Alisema namfanya mtoto mchanga. Nilisema mtoto mchanga akiumwa hulia, afadhali yeye. Akapata nguvu, akarudi dukani, mwanzoni asubuhi tu, kisha kutwa. Nami nikazidi kuchoka. Nilichoka kumtazama viganja, nilichoka kunusa chandarua kama kimetiwa dawa, nilichoka kuwa polisi wa mtu mzima mwenye mvi. Kuna siku nilipitiwa nikasahau kumpima. Siku ya pili nikaona hakufa, nikaanza kusahau zaidi. Zilipoanguka mvua za kwanza na mbu wakaamka, kipimajoto kilikuwa kwenye droo siku nyingi.

Asubuhi moja nilikuwa uani nahangaika na mkaa uliolowa. Shaima anafagia. Yaqoub akatoka chumbani, akasimama mlangoni, amejifunika shuka. Nilimuuliza bila hata kuinua kichwa, vile mtu anavyouliza akiwa na moshi machoni.

"Umeamkaje, Baba Fauzi?"

Nikadhani hakusikia. Nikapuliza mkaa.

"Vibaya," akasema.

Nikainua kichwa. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, meno yanagongana, na usoni alikuwa na aibu kama mtu aliyekutwa uchi.

"Nina baridi, Mama Fauzi. Nimetetemeka tangu alfajiri. Si mhola."

Miaka yote hiyo ya ndoa sikuwa nimelisikia neno hilo likitoka kwake juu ya mwili wake. Nilisimama na kipande cha boksi nilichokuwa nikipepea nacho, machozi yakaanza kunitoka, na wala si ya moshi.

"Alhamdulillahi," nikasema.

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nami nilikwisha kumwita Shaima akasimamishe bajaji barabarani, natafuta buibui langu lilipo.